Kibao cha 50 ni Haki ya Anayetembea



Kama umewahi kupanda basi la mkoani, jambo hili umelishuhudia. Basi liko kasi, upepo unavuma dirishani, mara mbele kinatokea kibao cha duara chenye ukingo mwekundu na namba 50. Dereva anapunguza mwendo. Kijiji kinaanza: kuna duka la vocha, fundi baiskeli, shule ya msingi, akina mama na ndoo zao. Mbele kidogo kibao kingine kinaondoa zuio, na basi linaongeza kasi tena. Humo ndani hakosekani abiria wa kulalamika: "Vibao vya 50 vimezidi nchi hii. Vimewekwa ili trafiki wapate watu wa kupiga tochi."

Leo nakuomba ndugu yangu tukitazame kibao kile tukiwa nje ya basi. Tusimame pale kando ya lami, kwenye vumbi, na mtoto aliyetoka shule na anayetaka kuvuka kwenda kwao. Kwa mtoto yule, kibao hakina uhusiano na tochi ya kupimia mwendo wala faini. Kimewekwa ili afike nyumbani. Ni haki yake, imepakwa rangi juu ya bati ikasimikwa ardhini, na kila gari linalokipuuza linamnyang'anya mtoto yule kitu alichopewa na sheria.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema leo. Mtu anayetembea kwa miguu si mgeni barabarani, wala si mtu wa kuvumiliwa. Ana haki zilizoandikwa, ana wajibu ulioandikwa, na sote tunapaswa kuvijua vyote viwili. Nasema sote, kwa sababu hata mwenye gari la kifahari huliegesha akamalizia safari kwa miguu, na abiria wa daladala ni mwenda kwa miguu mara anaposhuka kituoni.

Tuanze na sheria. Tanzania Bara tunayo Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo katika vitabu vya sheria ni Sura ya 168. Zanzibar wana sheria yao, lakini misingi inafanana. Sheria hii ya Bara ndiyo iliyoweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Kwa nini 50, isiwe 80? Hapa naomba uvumilivu wako tupige hesabu kidogo, maana hesabu hii ndiyo inayoamua nani afike na nani asifike.

Gari lenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Likiwa kwenye 80, hukata mita 22 kila sekunde. Sasa chukua barabara ya kawaida ya njia mbili, yenye upana wa mita 7 hivi. Mtu mzima mwenye afya, akitembea bila kukimbia, huivuka kwa sekunde 6 hivi. Tuseme anatazama kushoto na kuona gari liko mita 100 kutoka aliposimama, kama urefu wa uwanja wa mpira. Anajiambia, liko mbali, navuka. Kama gari hilo liko kwenye 50, litamfikia baada ya sekunde 7, naye atakuwa ameshakanyaga upande wa pili. Kama liko kwenye 80, litamfikia baada ya sekunde 4 na nusu. Litamkuta bado yuko kwenye lami.

Umeona, msikilizaji? Mtu ni yuleyule, macho yake ni yaleyale, uamuzi wake ni uleule. Kilichobadilika ni mwendo wa gari peke yake. Halafu tutasikia watu wakisema, "Marehemu aliingia barabarani ghafla." Hakuingia ghafla. Alikadiria vizuri kabisa kwa gari linalofuata sheria, bali lililokuja halikuwa linafuata sheria.

Na breki je? Dereva akiwa macho, hajaguswa na usingizi wala simu, bado inampita kama sekunde moja tangu aone hatari hadi mguu ukanyage breki. Kwenye 80, sekunde hiyo peke yake imekula mita 22 kabla breki haijaanza kushika. Zikianza kushika, gari la 80 linahitaji zaidi ya mara mbili na nusu ya umbali unaohitajiwa na gari la 50 ili lisimame. Na likimgonga mtu? Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hatari ya mwenda kwa miguu kufa anapogongwa kwa mbele ya gari huongezeka mara 4 na nusu mwendo ukipanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa. Hizo ni kilomita 15 tu, zile ambazo dereva huziita kuzidisha kidogo.

Shirika hilohilo, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani mwaka 2021. Zaidi ya mmoja kati ya kila watano wao alikuwa anatembea kwa miguu. Hakuwa na chombo wala mwendo wa kumdhuru mtu. Alikuwa na miguu yake na mahali alipokuwa akienda.

Sisi tuna msemo, ajali haina kinga. Ni msemo wa kumfariji aliyefiwa, na kwenye msiba una mahali pake. Tatizo ni kwamba tumeuchukua kutoka msibani tukaupeleka barabarani, tukaufanya kisingizio. Dereva aliyepita kwenye 90 mbele ya shule anaambiwa ajali haina kinga. Mkandarasi aliyejenga barabara bila njia ya kutembelea, ajali haina kinga. Hapana. Hesabu tuliyopiga sasa hivi ndiyo kinga yenyewe, na imo katika sheria.

Sasa tuzitaje haki nyingine.

Haki ya kwanza ni ya kivukoni, pale penye mistari myeupe tunapopaita zebra. Sheria inamtaka dereva anayekikaribia kivuko apunguze mwendo, na ampishe mtu aliyeingia kuvuka. Sikiliza vizuri: ampishe. Hafanyi hisani kusimama. Lakini tazama desturi yetu ilivyo. Mama ameshaingia kwenye zebra na mtoto mgongoni, magari kumi yanapita, la kumi na moja linasimama, naye anavuka mbio huku akimpungia dereva mkono wa shukrani kama aliyeokolewa. Shukrani ni uungwana, sina ugomvi nayo. Ninachosikitikia ni yale magari kumi ya kwanza. Kila moja lilivunja sheria, na hakuna aliyeshtuka.

Na kumbuka yule bibi anayetembea taratibu. Yeye sekunde 6 hazimtoshi, pengine atahitaji 9 au 10. Kwake hata gari la 50 ni kasi mno, na ndiyo maana sheria haikuishia kwenye kibao. Iliweka kivuko, mahali ambapo gari ndilo linalosubiri. Kadhalika kwa mtu asiyeona mwenye fimbo nyeupe, na mwenye kiti cha magurudumu. Dereva akiona fimbo nyeupe asipige honi. Honi haimwambii asiyeona aende wapi, inamtia hofu tu. Asimame, atulie, amwache amalize kuvuka.

Kivukoni kuna hatari moja inayoua watu waliofuata kila kanuni, nayo ni gari la pili. Dereva wa kwanza anasimama kwa uungwana. Mwenda kwa miguu anaanza kuvuka. Nyuma anakuja mwingine, anaona gari limesimama, hajiulizi limesimamia nini, anatanua na kulipita. Anayevuka anatokea mbele ya bonneti ya gari la kwanza na kukutana na la pili. Ndugu dereva, nakusihi: gari lililosimama kwenye kivuko halipitwi. Na wewe bodaboda, kujipenyeza katikati ya magari yaliyosimama kivukoni ni kosa hilohilo. Nawe unayevuka, ukifika usawa wa mwisho wa gari lililokupisha, simama kidogo, chungulia, ndipo uendelee.

Haki ya pili ni njia ya kutembelea. Pale ilipojengwa njia ya waenda kwa miguu kando ya barabara, hiyo si maegesho, si njia ya mkato ya bodaboda wakati wa foleni, wala si sehemu ya kushusha kokoto za ujenzi. Jambo hili lina ugumu wake, nami sitalipitia juujuu. Kwa miaka mingi njia hizo katika miji yetu zilikuwa pia sehemu za riziki, na mwishoni mwa mwaka 2021 tuliona wamachinga wakihamishwa kutoka kando za barabara jijini Dar es Salaam na miji mingine. Yule mwenye meza ya viatu anatafuta chakula cha watoto wake, na namheshimu. Lakini njia ikijaa meza, mtu hushuka kwenye lami. Anayeshuka ni mwanafunzi, ni mjamzito, ni mzee, na wote hao ndio wateja na jirani wa mwenye meza. Wakuu wa miji yetu wanapopanga masoko na vituo vya mabasi, wapange pamoja riziki na njia. Mji ukilazimisha watu wachague kati ya kula na kufika salama, umekosea katika mpango, na wa kulaumiwa ni mpangaji.

Sasa, msikilizaji, haki na wajibu vinatembea pamoja, na wajibu wetu tunaotembea si mdogo.

Pasipo na njia ya pembeni, tembea upande wa kulia wa barabara, ukiyatazama magari yanayokuja. Sisi magari yetu hushika kushoto, kwa hiyo ukitembea kulia, gari lililo karibu nawe unaliona usoni na una nafasi ya kuruka pembeni. Ukitembea kushoto, linakujia mgongoni. Kanuni hii tulifundishwa shule ya msingi, lakini pita barabara yoyote ya kijijini jioni uone ni wangapi wanaifuata. Mkiwa kundi, tembeeni kwa mstari, msijipange sambamba mkaenea hadi kwenye lami.

Usiku, vaa nguo nyeupe au ya rangi ya kung'aa, au shika tochi. Mtu mwenye nguo nyeusi kando ya lami nyeusi haonekani mpaka taa zimfikie, na zikimfikia mara nyingi dereva hana tena nafasi ya kufanya lolote. Aliyekunywa naye asindikizwe. Kumwacha jirani aliyelewa apepesuke peke yake kando ya barabara kuu ni kumwacha katika hatari kubwa.

Ukishuka kwenye basi au daladala, usipite mbele yake kuvuka. Lisubiri liondoke, uone pande zote. Basi lililosimama linakuziba wewe usione na linamziba dereva mwingine asikuone. Wazazi, hili wafundisheni watoto hadi liwe mazoea, na wadogo kabisa msiwaache wavuke peke yao. Mtoto mdogo hana uwezo wa kukadiria gari linakuja kwa kasi gani. Mnaweza kumwambia atazame kulia, kushoto na kulia tena, naye atatazama kama mlivyomfundisha, ila hataelewa anachokiona. Mkono wa mtu mzima ndio usalama wake.

Simu iweke mfukoni unapovuka, na visikilizio vitoe masikioni. Wala usijitupe kwenye zebra ghafla kwa hoja kwamba ni haki yako. Sheria inamtaka dereva akupishe, lakini haimpi uwezo wa kusimamisha tani 20 ndani ya hatua mbili.

Na penye daraja la juu la waenda kwa miguu, litumie. Hapa wakazi wa Dar es Salaam watalikumbuka daraja la Manzese katika barabara ya Morogoro, lililokipa kituo cha Manzese Darajani jina lake. Miaka nenda rudi tumewaona watu wakikatiza chini ya daraja lile huku juu pakiwa salama. Nawaambia kwa upendo: dakika mbili za ngazi hazilingani na maisha. Lakini nina neno pia kwa wanaojenga madaraja. Ngazi ndefu kwa mama mwenye mtoto na beseni la ndizi, kwa mzee anayeumwa magoti, kwa mwenye kiti cha magurudumu, si njia. Mnapojenga, jengeni na mteremko wa kupandia, wekeni taa ili binti aweze kupita saa mbili usiku bila hofu, na lijengeni pale watu wanapovukia kweli, si mita mia nne mbele yake. Gari lenye injini halichoki kupunguza mwendo, ila miguu huchoka kupanda.

Tuna somo kutoka kwa jirani zetu wa Kenya. Mwaka 2012 walifungua barabara kuu ya Thika, pana, yenye njia nane katika sehemu zake kubwa. Ilirahisisha safari za wengi. Lakini barabara ile ilipita katikati ya makazi, na watu wakajikuta nyumba iko upande huu, soko na kituo upande ule. Waliokuwa wakivuka waligongwa, kilio kikawa kikubwa, na baadaye yakaongezwa madaraja ya waenda kwa miguu na vizuizi vya katikati. Kuna hata waliokamatwa na polisi kwa kuvuka chini ya madaraja. Somo ni kwamba kivuko kipangwe siku ileile barabara inapochorwa, na kifunguliwe pamoja nayo. Kikija baadaye, kinawakuta watu wameshazikwa.

Nasi tunazo barabara za namna hiyo. Barabara ya Morogoro kutoka Kimara kwenda Kibaha imepanuliwa hadi njia nane. Vituo vya mwendokasi, huduma iliyoanza mwaka 2016, viko katikati ya barabara, maana yake kila abiria ni lazima avuke ili apande na avuke tena akishuka. Hawa hawavuki kwa kupenda. Mpango wenyewe wa usafiri umewaleta pale, kwa hiyo taa zao za kuvukia zikiharibika zitengenezwe kwa haraka ileile inayotumika kutengeneza basi lililoharibika.

Tena si kwamba hatuwezi. Hapahapa Dar es Salaam, shirika la Amend lilianza kutembelea shule za msingi ambazo wanafunzi wake walikuwa wakigongwa mara kwa mara. Walitazama watoto wanapita wapi, kisha wakafanya mambo ambayo fundi yeyote anayaweza: wakajenga njia za kutembelea, matuta, vivuko, wakaweka nguzo za kuzuia magari yasiingie kwenye njia ya watoto, na mahali pengine wakahamisha geti la shule likafunguka upande wenye magari machache. Utafiti uliofuata ulionyesha majeruhi katika shule hizo wamepungua kwa takriban robo, na mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji inayotolewa na taasisi ya WRI. Tuta, nguzo, geti: hivyo ndivyo vitu vilivyowaokoa watoto.

Msikilizaji, sasa tuje kwenye jambo zito. Mtu ameshagongwa. Haki zake ni zipi, na aliye jirani afanye nini?

Dereva, sheria inakutaka usimame, umsaidie majeruhi, na utoe taarifa polisi. Kukimbia ni kosa juu ya kosa. Lakini tuambizane ukweli: madereva wengi hukimbia kwa sababu wanatuogopa sisi. Wanawajua wananchi wenye hasira kali. Mkusanyiko unapoanza kumpiga dereva, mambo mawili hutokea. Dereva wa kesho akigonga mtu hatasimama hata kidogo. Na wakati mawe yanarushwa, majeruhi yuko chini, damu inamtoka, hakuna anayemtazama. Kama kweli hasira yetu ni kwa ajili ya majeruhi, basi mikono yetu iende kwake kwanza. Mtu mmoja apige 112 kuita polisi. Wengine wazuie magari yasimkanyage tena. Asiburutwe wala kukunjwa kwa nguvu kwenye kiti cha bajaji, maana shingo au uti wa mgongo unaweza kuwa umeumia. Ainuliwe akiwa amenyooka, kwa mikono mingi. Na mmoja wenu aandike namba ya usajili ya gari, au alipige picha. Namba hiyo, ndugu yangu, ndiyo mlango wa haki zake zote.

Kwa nini? Kwa sababu sheria yetu ya bima ya vyombo vya moto inalazimisha kila gari liwe na bima inayowahusu watu wengine, tunayoiita third party. Wengi hudhani bima ile ni karatasi ya kumwonyesha trafiki. Hapana. Inamhusu mtu aliyegongwa: kuumia kwake, na akifariki, familia iliyomtegemea. Kwa namba ya usajili, bima ya gari huweza kuhakikiwa katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Kwa hiyo majeruhi au ndugu zake wafungue taarifa polisi, wapate fomu ya PF3, watunze kila karatasi ya hospitali na kila risiti ya dawa, waombe taarifa ya polisi ya ajali, kisha wapeleke madai kwa kampuni ya bima ya gari hilo. Kampuni ikizungusha, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na ipo mahakama. Madai ya namna hii yana ukomo wa miaka mitatu kwa kawaida, kwa hiyo usilale. Asiyeweza kulipa wakili awatafute wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Na hapa nakuonya juu ya kuyamaliza. Dereva anakuja hospitali na laki mbili, anaonekana mnyenyekevu, analeta karatasi ya kusaini kwamba mmemalizana. Siku ya pili baada ya ajali hujui kama mguu ule utapona au utakatwa. Msaada upokee, ni ubinadamu, lakini usisaini kwamba huna madai tena kabla hujajua umeumia kiasi gani na kabla hujapata ushauri. Wala usikubali kuambiwa kwamba huna haki kwa sababu nawe ulikuwa na kosa. Mahakama hupima kosa la kila upande. Kosa la anayetembea linaweza kupunguza fidia yake, lakini halimfutii dereva kosa lake mwenyewe.

Tumefika karibu na mwisho, na sitaki uzime redio ukiwa na masikitiko matupu. Nataka ubaki na kazi mkononi.

Abiria mwenzangu, kazi yako ni kumtetea aliye nje. Dereva akipita kijijini kwenye 90, paza sauti. Dereva akipunguza, usimlalamikie. Mwambie konda asikushushe nje ya kituo, hata kama nyumba yako iko palepale.

Madereva, ninyi huwashiana taa kupeana habari kwamba mbele kuna tochi. Basi washianeni taa pia kuambiana kwamba mbele kuna watoto wanavuka. Anayepunguza kwa kumwogopa askari ataongeza mara tu askari akienda kunywa chai. Anayepunguza kwa ajili ya mtoto, mtoto huyo yupo kila siku.

Viongozi wetu, mwezi Februari mwaka 2020 mataifa yalikutana Stockholm na kutoa tamko kwamba mahali ambapo watu wanaotembea wanachanganyika na magari, mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa. Mbele ya shule na masoko yetu, 50 bado ni kubwa. Anzeni na mageti ya shule.

Nawe mwananchi wa kijijini, mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila miezi mitatu, na una haki ya kusema. Mkutano ujao peleka ajenda moja: wapi watu wetu wanagongwa. Taja mahali, taja saa, taja walioumia na waliozikwa. Iandikwe katika muhtasari, ipigwe muhuri, ipelekwe TANROADS kama ni barabara kuu au ya mkoa, ipelekwe TARURA kama ni barabara ya wilaya. Ombeni kibao, ombeni tuta, ombeni kivuko, na nakala mbaki nayo. Wasipojibu, mkutano unaofuata ajenda iwe ileile, na diwani awepo. Barabara imejengwa kwa kodi ya anayetembea pia, na anapodai kuivuka akiwa hai anadai kilicho chake.

 Uwe na safari njema, na ufike.